Tunda la Mzabibu, Kazi ya Mikono: Mikoa ya Divai ya Italia na Watu Wake



Ndugu msomaji, kila siku altareni kikombe cha divai kinainuliwa, na katika sala ya kutolea vipaji padre anataja mambo mawili: mzabibu, na kazi ya watu. La kwanza tunalielewa upesi, kwa kuwa Bwana mwenyewe alijiita mzabibu wa kweli (Yn 15). La pili hutupita haraka. Ni kazi gani? Ya nani? Ilifanyika wapi, na aliyeifanya alilipwa nini?

Katika makala hii nitajaribu kujibu maswali hayo kwa kuitazama Italia, nchi ambayo mzabibu na Ukristo vimekaa pamoja kwa karne nyingi. Watu wengi wanaijua Italia ya divai kwa picha za kalenda: vilima vya kijani, mistari ya mizabibu iliyonyooka, kijiji chenye mnara wa kanisa juu ya kilele. Picha hizo ni za kweli, ila hazisemi jambo moja muhimu, kwamba mandhari hayo hayakuota yenyewe. Yametengenezwa kwa mikono, na mikono ikiondoka, yanabomoka.

Nchi ya mizabibu kutoka Alpi hadi karibu na Afrika

Italia ina mikoa 20, na yote 20 inatengeneza divai. Sababu ya kwanza ni umbo la nchi. Kaskazini kuna milima ya Alpi inayokinga upepo wa baridi. Katikati unapita uti wa mgongo wa milima ya Apenini. Pande tatu kuna bahari. Sehemu kubwa ya nchi ni vilima na milima, na mzabibu unapenda mteremko: maji hayatuami kwenye mizizi, jua linapiga vizuri, na udongo usio na rutuba nyingi unaulazimisha mmea kuzaa matunda machache yenye ladha nzito. Ardhi ambayo mkulima wa mahindi angeilalamikia, mkulima wa mizabibu anaishukuru.

Sababu ya pili ni historia. Wagiriki waliohamia kusini mwa Italia, karne nyingi kabla ya Kristo, walikuja na ujuzi wa mizabibu. Katikati ya nchi, Waetruski walikuwa na desturi ya kuuacha mzabibu upande juu ya mti hai, na Waitaliano bado wanaita mzabibu wa namna hiyo "mzabibu ulioolewa". Warumi waliandika vitabu vya kilimo chake. Dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka, monasteri zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo kilimo hicho kiliendelea kutunzwa, kwa sababu rahisi: hakuna Misa bila divai. Hadi leo, katika bonde la Isarco kaskazini kabisa, abasia ya Novacella iliyoanzishwa mwaka 1142 na Wakanoni wa Mtakatifu Augustino bado inatengeneza divai.

Kwa sababu hiyo Italia ina aina zaidi ya 500 za mizabibu zilizoandikishwa rasmi. Karibu kila bonde lina yake. Siwezi kuzitaja zote, na wala haifai. Nimechagua mahali pachache ambapo ardhi, watu na imani vinaonekana kwa pamoja.

Piemonte: ukungu, umaskini na paroko wa Barbaresco

Piemonte maana yake ni "mguuni pa mlima". Kusini mwa mkoa huo kuna vilima vya Langhe, Roero na Monferrato, ambavyo UNESCO iliviweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Hapa inalimwa zabibu nyeusi iitwayo nebbiolo. Wengi wanasema jina hilo linatokana na neno "nebbia", yaani ukungu, kwa sababu huchelewa kuiva na mara nyingi huvunwa mwezi Oktoba, wakati ukungu wa asubuhi umefunika mabonde na vilele vya vilima vimebaki kama visiwa. Zabibu hiyo ndiyo inayotoa divai mbili mashuhuri, Barolo na Barbaresco. Barolo hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza miezi 38 tangu mwezi Novemba wa mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo, miezi 18 lazima ikae ndani ya mapipa ya mbao. Ni divai ya watu wenye subira.

Leo shamba dogo katika vilima hivyo lina thamani kubwa sana. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba hadi miaka ya 1950 sehemu hiyo ilijulikana kwa umaskini. Mwandishi Nuto Revelli alizunguka vijiji vya jimbo la Cuneo akikusanya masimulizi ya wakulima, na mwaka 1977 akayatoa katika kitabu alichokiita "Il mondo dei vinti", yaani ulimwengu wa walioshindwa. Jina hilo linatosha kutueleza. Mkulima mdogo alipeleka zabibu zake sokoni asubuhi na kusubiri mnunuzi. Zabibu hazisubiri, jua likipanda, zinaharibika. Mnunuzi alilijua hilo. Kadiri saa zilivyokwenda, bei ilishuka, na mkulima hakuwa na ubavu wa kuzirudisha nyumbani. Vijana waliona hayo, wakaondoka kwenda kwenye viwanda vya magari vya Torino.

Katika kijiji cha Barbaresco, mwalimu mmoja wa kilimo cha mizabibu, Domizio Cavazza, alikuwa ameshaanzisha ushirika wa kutengeneza divai mwaka 1894. Ushirika huo ulifungwa miaka ya 1920, wakati wa utawala wa kifashisti. Kisha mwaka 1958 paroko wa kijiji, Don Fiorino Marengo, aliwakusanya wakulima wadogo 19 na kuuanzisha upya kwa jina la Produttori del Barbaresco. Hawakuwa na jengo. Divai ya miaka mitatu ya kwanza ilitengenezwa katika chumba cha chini ya kanisa, mpaka walipoweza kujenga mahali pao upande wa pili wa uwanja. Ushirika huo upo hadi leo, una familia zaidi ya 50, na divai yake inaheshimiwa duniani.

Tulitazame tendo hilo kwa makini. Paroko hakugawa chakula tu, ingawa hilo nalo ni jema. Aliona kwamba tatizo la waumini wake halikuwa uvivu wala ukosefu wa sala. Lilikuwa kwamba kila mmoja alisimama peke yake mbele ya mnunuzi. Akawapa mahali pa kukutana na pa kuweka mapipa yao. Mafundisho ya jamii ya Kanisa yana neno kwa jambo hilo: mshikamano. Pale Barbaresco neno hilo lilikuwa na harufu ya zabibu zinazochacha chini ya sakafu ya kanisa.

Cinque Terre: kuta zinazoshika mlima

Tukishuka kusini hadi pwani ya Liguria tunakuta vijiji vitano vilivyobanwa kati ya mlima na bahari: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Hapo hakuna ardhi tambarare. Kwa karne nyingi watu waliukata mlima kuwa ngazi, wakajenga kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, wakajaza udongo nyuma ya kila ukuta, ndipo wakapanda mizabibu. Udongo mwingine ulibebwa mgongoni. Hata leo mavuno hushushwa mabegani au kwa vijireli vidogo vya reli moja ya chuma vinavyopanda mteremko mkali. Divai tamu ya huko, Sciacchetrà, inatokana na zabibu zilizokaushwa kivulini kabla ya kukamuliwa.

Ukuta wa mawe bila saruji una hekima yake. Maji ya mvua hupenya katikati ya mawe na kutoka taratibu, kwa hiyo ukuta hausukumwi ukaanguka. Lakini unahitaji mtu. Jiwe moja likichomoka lisirudishwe, mwaka unaofuata yatachomoka matano. Karne ya 20 ilipoleta ajira katika viwanda na bandari ya kijeshi ya La Spezia, watu wengi waliacha ngazi zao. UNESCO iliitambua sehemu hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na watalii wakaja kwa maelfu. Watalii wanapiga picha za kuta, hawazijengi.

Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha. Matope na mawe vilishuka na kufunika mitaa ya Vernazza na Monterosso, na watu walipoteza maisha. Mvua ya namna ile ingeleta madhara kwa vyovyote, lakini miteremko iliyoachwa bila matunzo iliongeza hatari. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua pia ujuzi wenyewe wa kujenga kuta hizo katika nchi nane za Ulaya, Italia ikiwemo. Ni jambo zuri, mradi asikosekane kijana wa kujifunza.

Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kutofautisha asili na kazi ya mwanadamu. Cinque Terre inatufundisha kwamba mara nyingine mpaka huo hauonekani. Mlima ule sasa unategemea mkono wa mtu ili usianguke. Kitabu cha Mwanzo (2:15) kinaweka kulima na kutunza bega kwa bega, kama amri moja.

Toscana: uzuri wa nusu kwa nusu

Ukisema "Italia", wengi huona Toscana: barabara yenye miti ya misanduku iliyosimama kama askari, nyumba ya mawe juu ya kilima, mizeituni na mizabibu ya sangiovese. Uzuri huo ni wa zamani. Katika ukumbi wa jiji la Siena kuna michoro ya ukutani iliyofanywa na Ambrogio Lorenzetti mwaka 1338 na 1339, inayoonyesha matunda ya utawala mwema: mji wenye amani na, nje ya lango, mashamba na mizabibu iliyotunzwa. Ujumbe ni wazi. Shamba zuri ni alama ya siasa nzuri. Na mwaka 1716 mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, alitoa amri ya kuweka mipaka ya maeneo manne ya divai, Chianti ikiwa mojawapo. Ni miongoni mwa amri za kwanza duniani za kulinda jina la divai kwa kulifunga na mahali pake.

Lakini nani aliishi katika zile nyumba za mawe? Mara nyingi si mwenye ardhi. Kwa karne nyingi Toscana iliendeshwa kwa mfumo wa "mezzadria", yaani nusu kwa nusu. Mwenye shamba alitoa ardhi na nyumba, familia ya mkulima ilitoa nguvu, mavuno yakagawanywa. Mfumo huo ndio uliochora mandhari: kila familia ilihitaji ngano, mafuta na divai, hivyo shamba moja lilichanganya yote. Wapo waliosifu mfumo huo kwa sababu ulimpa mkulima sehemu ya mazao badala ya ujira mdogo. Lakini mkataba ungeweza kuvunjwa, na familia ikahama. Katika sehemu nyingi za Italia mikataba ya shamba ilimalizika karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, siku ambayo divai mpya huonjwa. Hadi leo kaskazini mwa nchi "kufanya San Martino" ni msemo wenye maana ya kuhama nyumba. Siku hiyo hiyo mmoja alifungua pipa, na mwingine alipakia vitanda kwenye mkokoteni.

Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo, na ya mwaka 1982 ikaigeuza iliyobaki kuwa ya kukodi. Wakati huo familia nyingi zilikuwa zimeshakwenda mijini. Nyumba zao zilibaki tupu, kisha zikanunuliwa na kukarabatiwa, nyingine zikawa za wageni wa likizo. Uzuri tunaousifu leo ni kumbukumbu ya watu ambao hawakuumiliki.

Lazio na Campania: hadithi mbili za kukumbuka

Huko Montefiascone, kaskazini mwa Roma, wanasimulia habari za mwaka 1111. Askofu mmoja aitwaye Defuk, akisafiri kwenda Roma pamoja na msafara wa Henry V, alimtanguliza mtumishi wake kuonja divai za njiani na kuandika mlangoni "Est", yaani "ipo", pale penye divai nzuri. Alipofika Montefiascone mtumishi aliandika mara tatu. Askofu akakaa, akanywa, akafia hapo hapo. Katika kanisa la San Flaviano wanaonyesha kaburi lake, na divai ya huko inaitwa Est! Est!! Est!!! hadi leo. Wanahistoria hawaithibitishi hadithi hiyo, lakini sisi wa seminari tunaielewa vizuri. Yoshua bin Sira (sura ya 31) alishatuambia kwamba divai ni furaha kwa anayeinywa kwa kiasi, na ni uchungu kwa asiyejua kuacha.

Hadithi ya pili inatoka kwenye mlima Vesuvius, ule wa moto uliofunika mji wa Pompeii mwaka 79. Wenyeji husimulia kwamba Lusiferi alipofukuzwa mbinguni aliiba kipande cha paradiso, nacho kikawa ghuba ya Napoli. Kristo alipokitambua alilia, na machozi yake yakaotesha mizabibu. Ndiyo maana divai ya mteremko huo inaitwa Lacryma Christi, Chozi la Kristo. Ni mapokeo ya watu, si mafundisho ya imani. Lakini watu wanaolima juu ya mlima unaoweza kulipuka wana haki ya kusimulia kwamba uzuri na machozi vimetoka mahali pamoja.

Pantelleria: kisiwa cha zabibu

Mbali kusini, kilomita kama 70 tu kutoka Tunisia, kuna kisiwa cha Pantelleria. Kiserikali ni sehemu ya Sicilia, lakini kipo karibu zaidi na Afrika. Upepo unavuma karibu mwaka mzima na mvua ni chache. Mkulima huchimba kishimo, hupanda mzabibu ndani yake na kuupogoa uwe mfupi kama kichaka, ili upepo upite juu na umande ubaki kwenye mizizi. Mwaka 2014 UNESCO iliutambua ukulima huo kuwa urithi wa utamaduni. Ni miongoni mwa ujuzi wa kwanza kabisa wa kilimo kupewa heshima hiyo.

Zabibu ya huko inaitwa "zibibbo". Msomaji wa Kiswahili ameshashtuka! Waarabu, walioanza kuiteka Sicilia mwaka 827, waliacha neno lao "zabib", zabibu iliyokaushwa. Neno hilo hilo lilisafiri na mashua za Bahari ya Hindi hadi kwetu. Mkulima wa Pantelleria na mkulima wa Dodoma hawaelewani lugha, lakini tunda lao wanaliita kwa jina la ukoo mmoja.

Divai na ukweli

Tangu mwaka 1963 Italia ina sheria inayolinda majina ya divai: jina la mahali lisitumike ila kwa divai iliyotoka mahali hapo, kwa zabibu zake na kwa taratibu zake. Hata hivyo, mwaka 1986 wafanyabiashara fulani waliongeza methanoli, kilevi chenye sumu, kwenye divai ya bei rahisi ili kuipandisha nguvu. Watu zaidi ya 20 walikufa, na wengine walipofuka. Soko la divai ya Italia lilianguka, na wakulima waaminifu waliteseka pamoja na walaghai. Wengi wanauhesabu mwaka huo kuwa ndio uliowalazimisha watengenezaji kuchagua ubora badala ya wingi.

Uongo mwingine haumo ndani ya chupa. Mwezi Julai 2015, karibu na Andria katika mkoa wa Puglia, mama mmoja mfanyakazi alikufa shambani akipunguza punje kwenye vichala vya zabibu, kazi ya joto kali na ujira mdogo aliyoipata kupitia mawakala. Kifo chake kilisukuma kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2016 dhidi ya mawakala wanaowanyonya vibarua mashambani. Miongoni mwa vibarua hao wa Italia wapo wahamiaji wengi, wakiwemo Waafrika. Yakobo (5:4) alishaandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zinafika kwa Bwana.

Kikombe chetu

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyezaliwa Roccasecca katika nchi hiyo hiyo ya mizabibu, alijiuliza katika Summa swali linalotuhusu: itakuwaje kwa nchi zisizo na ngano wala mizabibu? Alijibu kwamba inatosha vinaweza kusafirishwa hadi huko kwa kiasi kinachohitajika kwa sakramenti. Kanisa linashika hivyo hadi leo. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika.

Sisi Tanzania tumebarikiwa zaidi ya jibu hilo. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Dodoma, ikiwemo Bihawana, katika miaka ya 1950, na ardhi ile kame ikaipokea. Italia huvuna mara moja kwa mwaka. Dodoma huvuna mara mbili. Nasi pia tuna wakulima wadogo, na zabibu zao nazo hazisubiri mnunuzi.

Kanuni ya 924 inatuuliza kama divai ni safi kwa maumbile yake. Maswali ya mwanzo wa makala hii yanakwenda mbele kidogo: kazi hii ni ya nani, na alilipwa nini? Hayo hayabadilishi uhalali wa sakramenti. Lakini anayesema altareni kwamba analeta kazi ya mikono ya watu anapaswa kutamani kuijua mikono hiyo. Paroko wa Barbaresco aliijua kwa majina, yote 19.